Moshi wa Mchana, Mwaka wa Ndege

Siku tulipomzika wifi yangu Kemilembe nililala kifudifudi mbele ya watu wote. Watu wa Mabira mpaka leo wanasimulia kwamba bibi yule wa Ihanda alimpenda wifi yake mpaka miguu ikamwishia kando ya kaburi, na mimi nimewaacha waseme, maana ni sifa nzuri na sifa zangu si nyingi. Lakini sikuzimia. Mjukuu wa marehemu, Jovin, mtu mzima mwenye mke na watoto, kazi yake ni kupiga picha za harusi na misiba, na siku hiyo alileta kile kidege chake cha kamera wanachokiita droni. Kilipaa juu ya migomba, kikaenda mbali mpaka nikakisahau, kisha kikarudi kikiwa kimeshuka, kinavuma, kinakuja usawa wa vitambaa vya vichwa vyetu. Sijui mwili ulijuaje kabla yangu. Nilishtukia niko chini, nyasi mdomoni, mikono juu ya kisogo. "Mshikeni bibi!" akapiga kelele mama mmoja. "Mpepeeni! Hajala tangu asubuhi huyu!" Nilikuwa nimekula sahani mbili za ndizi na maharage, na kipande cha nyama ya shingo juu yake. Mtu mmoja tu ndiye angejua kwa nini nimelala, na huyo alikuwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo nitaandika habari za mwaka ule. Ya baba na mama yangu nitayaruka, walikuwa watu wema wa kahawa na migomba kama watu wengine wa Ihanda, hawana kosa katika haya. Nianzie pale nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa na Stefano, nimepelekwa mbali na migomba mpaka kule mbele ya Mabira kwenye majani matupu, kwa watu wa ng'ombe. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule lilikuwa darasa kweli, mtoto alijua kuandika barua yenye anwani na tarehe na "mimi sijambo, hofu ni kwako". Katika mji mzima wa wakwe zangu hakuna mwanamke mwingine aliyejua kuandika. Nilijivuna kidogo. Nasema hivyo kwa sababu lile darasa la nne ndilo lililokuja kunifunga.

Nyumba ya baba mkwe ilikuwa ya udongo, kubwa, sakafu imetandikwa nyasi, na nyasi hizo hubadilishwa kila zinapochakaa, kwa hiyo asubuhi mlango ukifunguliwa nyumba inanuka kama shamba lililonyeshewa. Ukutani palikuwa na vibuyu vya maziwa vimepangwa, kila kimoja kimefukizwa kwa moshi wa majani mpaka maziwa yakachukua ladha ile. Mwanzoni nilikuwa nayameza kwa kufumba macho. Mtoto wa migomba hajui maziwa ya moshi. Sasa hivi nanunua maziwa ya pakiti dukani na nayaona kama maji ya kuoshea chombo. Basi. Na huko kwa wakwe zangu palikuwa na heshima moja ambayo vijana wa leo wanaicheka: mimi na baba mkwe, tuliyemwita Ta Bigirwa, hatukuzungumza. Hatukutazamana usoni. Akiingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma. Akitaka kuniambia neno anamwambia binti yake Kemilembe, ambaye tulikuwa rika moja, hata kama mimi nimesimama nyuma ya kiambaza naona vidole vyake vya miguu.

"Kemilembe!"

"Naam, baba."

"Muulize mke wa kaka yako kama kwao Ihanda chumvi inaokotwa barabarani."

Kemilembe anageuka, kichwa kidogo tu. "Wifi, baba anauliza kama kwenu chumvi inaokotwa barabarani."

"Mwambie baba nimekosa. Kesho nitapunguza."

"Baba, anasema amekosa, kesho atapunguza."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Kisha anaendelea kula, na tunasikia anaguna, na mimi na Kemilembe tunakimbilia jikoni kwenda kucheka na vitambaa mdomoni. Alikuwa mzee mzuri. Nilipotoka ndani baada ya siku zangu za uharusi alinipa ng'ombe jike, mwekundu wa rangi ya chai iliyokolea maziwa, na kwa rangi hiyo akaitwa Gaju. Mtu wa shamba anapopewa ng'ombe anafikiri amepewa mali. Mimi baada ya miezi miwili nilikuwa namwimbia. Alikuwa akisikia sauti yangu anageuza shingo nzima. Kabla hajazaa nilikwenda kumtazama mara ngapi sijui, Stefano akaanza kunitania: "Sema tu uhamie zizini, nikuletee godoro."

Jambo la pili nililojifunza huko ni kwamba ng'ombe hawahesabiwi. Jioni wanaporudi, Ta Bigirwa anasimama langoni, mkono mmoja juu ya fimbo, wanapita mbele yake, na wakiisha kupita anasema, "Yule mwenye pembe iliyopinda yuko wapi?" Hakuhesabu, ila alijua. Wiki yangu ya kwanza nilisimama langoni nikaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Kemilembe alinipiga mkono kofi la haswa. "Unataka wafe?" Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Waliamini kwamba kundi likishapewa hesabu, hesabu hiyo inaanza kupungua. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba mpaka leo sihesabu wajukuu wangu.

Basi jioni moja ya kiangazi mwenyekiti wa kijiji akaja na baiskeli, jasho linamtoka. Alipewa maziwa, akanywa, akafuta mdomo. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya kiambaza.

"Ta Bigirwa, kesho au keshokutwa kuna ndege itapita. Ndege ndogo. Itapita chini, chini kabisa. Msikimbie wala msirushe mawe."

"Inatafuta nini?"

"Inahesabu. Wanyama wa porini, na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kila mtu."

"Wakishahesabu?"

"Wanaandika."

"Wakishaandika?"

Mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu aliyetumwa. "Ta Bigirwa, mimi nimeambiwa niseme ndege itapita. Nimesema."

Alipoondoka tulisikia baiskeli yake ikigonga mawe mpaka langoni. Kisha Ta Bigirwa akasema, hakumwambia mtu hasa, "Tutawafukizia."

Hapa nieleze, maana msomaji wa mjini hatajua. Pale zizini huwa kuna mahali pa moto. Jioni unawashwa kwa samadi kavu na majani mabichi kidogo, hautoi mwali, unatoa moshi, na moshi unafukuza nzi. Ng'ombe wanaupenda. Wakiuona wanakuja wenyewe wanajipanga ndani yake, wamefumba macho, kama watu wazima wanaoota jua. Mzee aliwaza hivi: tukiwasha moto ule mchana, kule bondeni, kundi zima litakuja kusimama ndani ya moshi, na ndege ikipita itaona moshi. Ndiyo hivyo tu. Hakumtakia mtu mabaya. Ni kama mama anayemfunika mtoto shuka akiona mgeni mwenye jicho asilolielewa.

Siku ya kwanza ndege ilikuja na mpango ukafaulu. Ilipita mbali kidogo, ikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa macho, ikageuka, ikarudi sambamba na njia yake, kama mtu anayepalilia matuta. Tulicheka. Kemilembe alipunga khanga. Siku ya pili ikaja juu yetu, saa sita mchana. Wanaume walikuwa bondeni wanazuia kundi, sisi wanawake tunalisha moto. Ilikuwa chini kweli, nayakumbuka matairi yake, nilishangaa kwamba kitu cha angani kina matairi kama ya baiskeli. Ng'ombe walikuwa ndani ya moshi wote isipokuwa mmoja. Gaju alikuwa amezaa siku nne kabla, na ndama wake alilala nje, juani, kwenye uwazi mweupe, na mama yake hakutaka kumwacha. Ndege ikapita juu yao wawili. Nikaona kichwa cha mtu kwenye kioo, kimegeukia chini.

Sikumwuliza mtu. Palikuwa na mzigo wa nyasi aliokata Kemilembe asubuhi ile ile kwa ajili ya kutandika nyumba, mbichi, bado una umande katikati. Niliubeba wote nikautupa juu ya moto. Wote. Mtu anayejua angeweka konzi moja. Moshi ukatoka mweupe, mzito kama maziwa, ukalala chini kwanza, ukamfunika Gaju na mwanawe, na mimi nikafurahi, nakumbuka nilifurahi. Kisha upepo ukauchukua ukaupandisha mteremko mpaka kilimani, pale pana mgunga mkubwa. Ndege ilikuwa imegeuka. Safari hii ilikuja chini zaidi. Iliingia kwenye moshi, ikaugonga mgunga, na mlio ukawa kama mtu anayepasua kaniki, mkono huku na mkono huku. Halafu kimya. Halafu ng'ombe mmoja akalia.

Rubani alikuwa amekufa tulipofika. Sitasema zaidi juu yake, alikuwa na saa mkononi na ilikuwa inatembea. Wa pili alikuwa hai, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, nyonga zimevunjika na mkono wa kuume, ametupwa nje kwenye majani. Wanaume walikata miti wakafunga blanketi, wakambeba mabegani wakipokezana mpaka barabarani, na kutoka hapo gari likampeleka Nyakahanga hospitalini. Njia nzima walimwimbia polepole, kama tulivyozoea kuwabeba wagonjwa, ili miguu iende pamoja. Wale wale waliokuwa wanazuia kundi. Mabega yao yalichubuka, na hakuna aliyelalamika.

Wakubwa waliokuja kuuliza waliketi uani kwetu kwenye viti vya kuazima. Nilisikia yote nikiwa jikoni. "Palikuwa na moto?" "Moto wa jioni, mabwana, kama kila siku." "Mchana?" "Mchana moto wa nini?" Na majirani wakasema vile vile, mmoja mmoja. Hakuna aliyekaa kikao cha kupanga uongo. Ulikuja wenyewe, ukawaenea wote kama baridi. Walipoondoka Ta Bigirwa akaita.

"Kemilembe. Mwambie mke wa kaka yako yule kijana hospitalini hana mtu. Ndugu zake wako mbali, barua itachukua siku. Aende akampikie na kumfulia. Yeye anajua Kiswahili cha shule."

"Wifi, baba anasema..."

"Na umwambie," akaongeza, na sauti ikashuka, "asikilize anachokumbuka."

Hospitalini nilikaa siku kumi na saba. Nilikuwa sijawahi kuona chumba kirefu vile, vitanda huku na huku, shuka zinanuka dawa na jua. Wauguzi walikuwa wakali kwa mdomo na wapole kwa mikono. Mmoja aliniambia siku ya kwanza, "Wewe ni mke wake?" Nikasema hapana. "Dada yake?" Hapana. "Basi wewe ni nani?" Nikasema, "Ni wa pale alipoangukia." Akanitazama, akanipa beseni. Nyuma palikuwa na jiko la ndugu wa wagonjwa, mafiga yamepangwa, kila mwanamke na sufuria yake, na pale ndipo nilijifunza habari za wilaya nzima: nani kazaa, nani kakatwa mguu, nani mume wake anakuja kutazama akiwa amekwisha kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Nilipika ndizi na maharage, nilizisaga kwa mgonjwa ziwe laini. Stefano alikuja mara mbili kwa baiskeli, safari ya siku nzima, na kibuyu cha maziwa mgongoni.

Kijana aliitwa Elia. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa kusini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka niliona haya kufungua mdomo. Homa ilipompanda alikuwa anahesabu. "Kumi. Kumi. Kumi. Watano. Kumi." Macho yamefumba, kidole cha mkono mzima kinapiga shuka. Wagonjwa wengine walimzoea, mzee mmoja wa kitanda cha jirani alikuwa anamwambia, "Wamefika wangapi leo, mwanangu? Nibakizie mmoja wa supu," na Elia akiwa na nafuu anacheka mpaka nyonga zinamuuma. Alinieleza kazi yake. Kwenye bawa wamefunga vijiti viwili, na wewe unatazama katikati ya vijiti hivyo tu. Mnyama akipita katikati ni wako. Akiwa nje, hata awe twiga amesimama anakutazama, si wako. "Kazi rahisi," akasema, "ila huruhusiwi kupepesa macho."

Alinywa maziwa ya moshi siku ya kwanza akakunja uso. Siku ya tatu akayaomba. Nilimwambia na mimi nilianza hivyo hivyo. Nakuambieni ukweli, nilimpenda, si kwa namna mbaya. Nilimpenda kama mtu unayemlisha kijiko kwa kijiko, ukijua kila unapomeza mate naye anameza.

Ilikuwa mchana, baada ya kula, nakusanya vyombo. Akaniuliza, "Dada Adelina, wewe ni wa kule. Moshi ule ulikuwa wa nini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka kikombe kile, kina ua la bluu na kovu jeusi pembeni. Nikasema, "Moshi gani?"

"Palikuwa na moshi bondeni. Nilimwona ng'ombe mwekundu na ndama wake, walikuwa katikati ya vijiti vyangu, kisha moshi ukawameza. Nikamwambia Kapteni, rudi, shuka kidogo, kuna wengine chini ya moshi. Hakutaka. Alisema tumeshuka vya kutosha. Mimi ndiye niliyemsihi."

"Hakukuwa na moshi, kaka. Labda ukungu."

"Ukungu, saa sita mchana?"

"Basi sijui."

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa anakoroma. Kisha Elia akasema, si kwangu, kwa dari, "Basi nilimshusha bure."

Ningeweza kusema pale pale. Hakuna aliyenishika mdomo. Ningesema, kaka, moshi ulikuwepo, niliuweka mimi, ng'ombe yule ni wangu anaitwa Gaju, hukuona vibaya. Maneno yale yangemalizika kabla kikombe hakijapoa. Niliogopa watu wa wakwe zangu wasije wakafungwa, hilo ni kweli. Lakini niliogopa pia, na hili sijawahi kumwambia padri, kwamba akijua ni mimi hatakunywa tena maziwa mkononi mwangu.

Baada ya siku chache alidhoofika. Miguu ilivimba, mganga akawa anakuja mara mbili kwa siku na kuondoka bila kutania. Elia akaniomba karatasi. Mkono wake wa kuandikia ulikuwa umefungwa, akasema, "Wewe uliniambia umesoma." Niliazima kalamu kwa muuguzi. Barua ilikuwa ya mke wa rubani. Nikaandika anwani, nikaandika tarehe, nikaandika kwa heshima na taadhima, yote kama tulivyofundishwa. Akanitamkia polepole ili nisikosee. *Mama, mimi ndiye niliyemwambia mumeo ashuke. Yeye alikataa, nikamsihi. Nilidhani nimeona moshi na ng'ombe chini yake, lakini watu wa pale wanasema hapakuwa na moshi. Niliona vibaya. Kosa ni langu, naomba unisamehe.* Niliandika neno kwa neno. Nilipofika pale kwenye "watu wa pale wanasema" mkono ulisimama, akaniuliza, "Umekosa herufi?" Nikasema ndiyo, nikafuta kitu ambacho hakikuwa na kosa, nikaandika tena. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwalimu wangu angeupa alama zote.

Alikufa asubuhi ya pili yake, nikiwa jikoni nasubiri uji uchemke. Kaka yake alifika siku hiyo hiyo mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alinishukuru kwa kunishika mikono yote miwili, akaniuliza kama ndugu yake aliacha neno. Nikampa barua. Nilikuwa nimeificha kifuani usiku mzima, na mafiga yalikuwa yanawaka mbele yangu tangu alfajiri, na sikuitia motoni. Nilijiambia ni ya marehemu, sina haki. Mtu akitaka kutenda vibaya, sababu ya heshima haikosekani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu ya mwisho ya njia. Ta Bigirwa alikuwa langoni. Nilitaka kuzunguka nyuma kama desturi, akasema, "Adelina." Miezi yote ile sikujua kama analijua jina langu. Nikasimama, nikatazama chini. Kemilembe alikuwa kizingitini, na hakuna aliyemwita.

"Aliuliza?"

"Aliuliza, baba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, moshi gani."

Nilisubiri aseme nimefanya vizuri. Alikaa ameegemea fimbo, kisha akasema, "Nenda ukale," akaniachia njia. Tangu siku hiyo hakuruhusu moto wa moshi uwashwe tena kwake, mchana wala jioni. Nzi walikuja kwa maelfu, wakawafuata ng'ombe machoni na kwenye chuchu, Stefano akalalamika bure. Na ng'ombe, kwa mazoea yao, kila jioni walikwenda kusimama palipokuwa moto, wanazunguka jivu baridi, wamefumba macho, wanasubiri. Gaju mbele yao. Alinizalia ndama saba yule ng'ombe, aliishi mpaka akawa kipofu wa jicho moja, na kila nilipomkamua nilisikia kumi, kumi, kumi, watano.

Miaka ikaenda. Vita vikaja vikapita, Ta Bigirwa akafa, Stefano akafa, mimi nikarudi kuishi Ihanda kwa mwanangu, penye migomba. Na Kemilembe hatukuzungumza habari ile hata mara moja, sisi tuliozungumza kila kitu, mpaka alipougua mwaka huu na mimi nikapanda bodaboda na magoti yangu haya mabovu kwenda kumtazama Mabira, alikoolewa. Alikuwa amekonda, amekaa mlangoni juani. Tulikuwa tunaongea habari za dawa. Akasema ghafla, "Wifi, nyasi zile nilizikata mimi. Ningezikata siku moja kabla zingekuwa zimenyauka. Nilikuwa nimechoka, nikaahirisha."

Nilimwangalia. "Umekaa na hilo miaka yote?"

"Kila nikishika mundu."

"Kemilembe. Nilizitupa mimi."

"Najua. Nilikuona. Lakini nilizikata mimi."

Ndipo nikamweleza habari ya barua, ambayo hakuijua hata yeye. Nilisema yote, mpaka kikombe chenye ua. Nilitegemea nini? Labda anishike mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yule mama, mke wa rubani, yu hai?"

"Sijui."

"Hukumtafuta."

"Sikumtafuta."

"Na anwani uliiandika mwenyewe," akasema. Akageuza uso kwenye jua, akafumba macho. Siku ya nne alikufa.

Sasa nirudi kwenye msiba. Watu walipokwisha kutawanyika, Jovin alikuja kukaa karibu nami mkekani na simu yake, ananiomba radhi kwa kunitisha, akafikiri nikiona picha nitafurahi. Nikaona mji wa Kemilembe kwa juu, kama alivyouona Elia: mapaa, migomba imefungua majani, watu wadogo kama punje za mtama wamezunguka shimo. Picha ikasogea. Upande mmoja ulikuwa mweupe mtupu, hauoni mtu.

"Hapa pananiudhi," akasema Jovin. "Nilitaka niwapate wote, moshi wa jikoni ukafunika huku kote. Nani huyo alitia kuni mbichi?"

"Ni mimi," nikasema.

Akacheka. "Bibi! Wewe si huyu hapa, umelala?" Akaweka kidole kwenye kioo, kando ya kaburi, nikaona kitenge changu, si kikubwa kuliko ukucha.

"Ni mimi, Jovin. Moshi ni wangu."

Aliacha kucheka. Akanitazama usoni, akaiweka simu chini kwenye mkeka, kioo kikazimika.

"Moshi gani, Bibi?"

Nikamwambia asogee karibu.